Kabla GTA 6 haijafika Kibiti, mzazi soma hapa

Swali la wiki hii halikuja kwa simu. Nililipata stendi ya Kibiti, nikisubiri basi la kurudi Dar es Salaam, kutoka kwa mama aliyekaa pembeni yangu na ndoo ya kaa iliyofunikwa gunia lililolowa maji. Alikuwa ametoka kwao delta alfajiri, akapanda boti hadi Nyamisati, akashika gari hadi Bungu, kisha akaunganisha hadi Kibiti kumwona mwanawe wa kidato cha nne, anayesoma hapa mjini na kuishi kwa mama yake mdogo.

Tulisalimiana, tukazungumza habari za maji na za barabara, na alipojua kazi yangu akasogea karibu. "Samahani daktari, hivi Novemba 19 kuna nini?" Mwanawe ameiandika tarehe hiyo kwa chaki ukutani juu ya kitanda, na kila asubuhi anafuta namba ya siku zilizobaki na kuandika nyingine. Yeye mama alifurahi, akadhani kijana anahesabu siku za mtihani. Mdogo wake ndiye aliyemtoa tongotongo: ni siku ya kutoka gemu.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. "Huyu mtoto mwaka 2017 alikuwa na miaka minane. Tulikuwa tunafunga milango jua bado liko juu. Sasa leo anatoa hela yake akapige bunduki polisi kwenye televisheni, na anacheka. Kichwa chake kiko sawa?"

Nilimjibu palepale kwa kifupi. Leo nalijibu kwa urefu, bila kumtaja jina, kwa sababu najua hayuko peke yake.

Gemu yenyewe

Kwa mzazi asiyeijua: GTA ni kifupi cha Grand Theft Auto, mfululizo wa gemu ulioanza 1997, ambao sasa unatolewa na kampuni ya Rockstar Games. Mchezaji anaendesha maisha ya mhalifu katika jiji la kubuni. Anaiba magari, anafanya kazi za magenge, anapigana na polisi. Kadiri anavyofanya makosa ndivyo nyota zinavyoongezeka juu ya kioo, na nyota zikijaa polisi wanamjia kwa wingi. Ukimsikia mwanao akisema "nina nyota tano", usidhani ni hoteli.

Baba wengi wa miaka 30 na kitu wanaosoma ukurasa huu waliicheza ile ya San Andreas, iliyotoka 2004, kwenye kibanda chenye PS2 na pedi iliyofungwa kwa selotepu. Leo iko ndani ya simu ya mtoto. Ya tano ilitoka Septemba 2013 na imeuza zaidi ya nakala milioni 200. Fikiria kijana wa miaka 17: ya tano ilipotoka alikuwa na miaka minne. Hii ya sita ndiyo ya kwanza atakayoishuhudia ikizaliwa. Trela ya kwanza ilionyeshwa Desemba 2023. Wakaahidiwa mwaka 2025, ikasogezwa hadi Mei 26, 2026, ikasogezwa tena hadi Novemba 19, 2026. Mtoto aliyeahidiwa kitu na kusogezewa mara mbili, namba za chaki ukutani zisikushangaze.

Basi langu lilichelewa, nikaenda kwenye kibanda kimoja jirani na stendi kuwasikiliza wenyewe. Nilitegemea kusikia habari za bunduki. Niliyosikia zaidi ni habari za maji. Mji wa gemu hii mpya uko katika jimbo la kubuni lililofananishwa na Florida ya Marekani, na kwenye trela vijana wameona boti, vinamasi na mamba. Kijana mmoja aliyekulia delta aliniambia ameangalia kipande cha boti mara nyingi hadi mwenye kibanda amemchoka. Kwa mara ya kwanza, alisema, kuna gemu kubwa yenye mahali panapofanana na kwao. Nilipenda sana jibu hilo, na naomba mzazi ulikumbuke tutakapofika kwenye mambo mazito.

Hofu nao wanazo. Wanaogopa isije ikaahirishwa tena. Wanaogopa bei. Na wengi hawakuwa wanajua kwamba imetangazwa kwa mashine mpya tu, yaani PS5 na Xbox Series. Mwenye kibanda ana PS3 mbili na PS4 moja. Niliposema PS4 haitaiweza, kibanda kizima kilinung'unika kana kwamba Simba au Yanga imefungwa dakika ya 90.

Kwa hiyo, mama yangu wa delta, jambo la kwanza ni hili: Novemba 19 mwanao huenda asiishike gemu hiyo kabisa. Kitakachomfikia haraka ni kelele zake. Video fupifupi kwenye simu, hadithi za wenzake wa Dar es Salaam, na programu bandia, ambazo nitazieleza mbele.

Je, gemu ya kuua humfanya mtoto muuaji?

Hapa wazazi wengi wanataka nijibu ndiyo au hapana. Nitasema utafiti unavyosema. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilipitia tafiti nyingi na mwaka 2020 kikatoa msimamo: upo uhusiano mdogo kati ya gemu za ukatili na hasira za kawaida, kama kufoka na kusukumana, lakini hakuna ushahidi wa kutosha wa kuziunganisha na ukatili wenyewe, ule wa kujeruhi na kuua. Kikaonya kwamba kutupia gemu lawama za mauaji kunatuzuia kuona sababu za kweli. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha matokeo ya vijana wapatao 1,000 wa Uingereza wa miaka 14 na 15. Waliwauliza na walezi wao kuhusu tabia zao. Hawakukuta kwamba wanaocheza gemu za ukatili ni wagomvi zaidi.

Mimi nakubaliana na hilo kwa mtoto wa kawaida. Lakini tafiti hizo hazikufanywa Kibiti.

Tunaujua sote mwaka ule. Kati ya 2016 na 2017 viongozi wa vijiji, askari na raia waliuawa kwa risasi katika wilaya hizi za Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Aprili 2017 askari wanane waliuawa kwa siku moja. Bodaboda zikapigwa marufuku usiku. Watoto waliokuwa darasa la kwanza na la pili wakati ule ndio hawa wanaomaliza sekondari sasa, na wengi wao hawakuulizwa na mtu yeyote walisikia nini. Sisi watu wazima tulifanya tunachofanya siku zote: mambo yakitulia, tunanyamaza. Kwa mtoto wa namna hiyo, mlio wa bunduki kwenye spika ya kibanda unaweza kuwa mchezo tu, na unaweza kuwa kitu kingine.

Utajuaje? Kucheka akiwa anacheza si dalili mbaya. Watoto waliopitia tishio huwa wanalirudia tukio katika michezo yao. Wapo wanaolipunguza uzito kwa njia hiyo, na wapo ambao badala ya kupungua linazidi. Angalia usiku na angalia siku zinazofuata. Je, anaota ndoto za kutisha na kuamka anatweta? Anashtuka kupita kiasi mlango ukibamizwa au pikipiki ikipiga mlio? Anakwepa njia au nyumba fulani bila kusema sababu? Mdogo aliyekwisha acha kukojoa kitandani ameanza tena? Amekuwa kama hayupo, hacheki na wenzake, hana hamu ya chakula? Dalili hizi zikidumu zaidi ya mwezi na kumvuruga shuleni au nyumbani, huyo anahitaji kuonwa na mtaalamu, iwe anacheza gemu au hachezi. Gemu itakuwa imekuonyesha kidonda ambacho kilikuwepo.

Na tafadhali usianze kwa kumhoji: "Wewe ulimwona nani akiuawa?" Kaa naye mkichambua samaki au mkipalilia, mwambie wewe mwenyewe ulivyoogopa mwaka ule. Akitaka kusema, atasema. Asipotaka leo, ameshajua mlango uko wazi.

Umri ulioandikwa kwenye jalada

Gemu kubwa za mfululizo huu zimepewa alama ya miaka 18 kwa Ulaya na 17 kwa Marekani, na alama hiyo haikuwekwa kwa mapambo. Mbali na damu kuna ngono, madawa ya kulevya, matusi na kamari. Mtoto wa darasa la tano anayekaa nyuma ya kaka zake kibandani anayaona yote hayo, na hana umri wa kutofautisha utani wa watu wazima na maisha. Kwa huyo sina mjadala: si gemu yake. Wenye vibanda wanaosoma hapa, mnaweza kabisa kuwawekea wadogo mpira saa za mchana na zile za kikubwa zikasubiri wakubwa. Hakuna mteja utakayempoteza.

Usingizi, mbu na mtihani

Sasa nafika kwenye yale ambayo wazazi hawaniulizi, na ndiyo ninayoyaona kliniki mara nyingi zaidi.

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12 kwa siku. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Gemu inaiba usingizi kwa njia mbili: mwanga wa kioo unauchelewesha mwili kujua kwamba ni usiku, na msisimko wa mchezo unauacha moyo ukidunda hata baada ya simu kuzimwa. Kijana anayelala saa saba usiku na kuamka saa kumi na moja kuwahi shule amelala saa nne. Ataonekana mvivu, mkali, msahaulifu. Walimu watamwita mtoro wa akili. Wakati mwingine anachokosa ni usingizi tu.

Kwa huku kwetu pana jambo la ziada. Mbu wanaoeneza malaria huuma usiku. Bonde la Rufiji na delta yake ni nchi ya malaria, hilo halihitaji mtafiti kulieleza, ingawa watafiti nao wamekuwa wakifanya kazi Rufiji kwa miaka mingi. Tumegawiwa vyandarua na tumevitundika. Lakini chandarua hakimfuati mtoto kibandani. Anayekaa nje ya kibanda kuanzia magharibi hadi saa nne usiku, miguu wazi, akingoja zamu ya pedi, amewapa mbu saa tatu za bure. Mama akiniambia "daktari, tunalala kwenye neti lakini huyu mmoja haachi kuumwa", swali langu la kwanza siku hizi ni: jioni anakaa wapi? Akipata homa, apimwe siku hiyohiyo. Usimpe dawa ya maumivu ukangoja, na usikubali kwamba "ni uchovu wa gemu".

Kuhusu mtihani: wa kidato cha nne kwa kawaida hufanyika Novemba. Tarehe ya gemu imeangukia mwezi huohuo. Kijana wa mama yule amelijua hilo kabla yetu, na niliposikia nilimhurumia. Kumwambia aisahau ni kupoteza maneno. Wekeni mapatano sasa, miezi kabla, wala si wiki ya mtihani wakati kila mtu ana hasira. Siku za masomo, kibandani mwisho saa kumi na mbili jioni. Usiku simu inalala chumba cha mama mdogo. Karatasi ya mwisho ikishaandikwa, ana likizo ndefu mbele yake. Gemu haitakimbia, ya tano ina zaidi ya miaka kumi na bado inachezwa.

Lini tuseme ni ugonjwa?

Neno "uraibu" tunalitumia ovyo. Mtoto anayependa gemu sana hajawa mraibu, kama ambavyo baba asiyekosa mechi ya Simba hajawa mgonjwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeuingiza ugonjwa wa kucheza gemu katika orodha yake mpya ya magonjwa, inayotumika tangu Januari 2022, na limeweka masharti makali. Mhusika ameshindwa kujizuia: anataka kuacha na hawezi. Gemu imetangulia mbele ya kila kitu, pamoja na kula, kuoga, shule na marafiki. Na anaendelea hata anapoona madhara yake. Hali hiyo iwe imeharibu kweli maisha yake, na kwa kawaida iwe imedumu angalau miezi 12. Wanaofikia hapo ni sehemu ndogo ya wanaocheza.

Wanaofikia hapo mara nyingi kuna kitu wanakikimbia. Nimewahi kumwona kijana aliyekuwa anashinda kibandani kutwa nzima. Tulipomsikiliza tukagundua nyumbani hakuwa na mtu wa kumwuliza ameshindaje tangu nyumba yao iliposombwa na mafuriko ya 2024 na familia ikatawanyika kwa ndugu. Kumnyang'anya pedi kusingemrudishia nyumba. Kwa hiyo kabla ya kuvunja simu, jiulize gemu inampa nini ambacho hakipati kwingine. Na nakuomba sana usimpige.

Kifafa na mwanga unaomweka

Hili ni fupi lakini lina uzito. Baadhi ya watu wenye kifafa, na wachache wasiojua kwamba wanacho, hupata degedege wanapotazama mwanga unaowaka na kuzima haraka. Desemba 1997 nchini Japani, watoto wapatao 685 walipelekwa hospitali baada ya kipindi cha katuni za Pokémon kuonyesha mwanga wa namna hiyo. Mwanao akidondoka na kukakamaa akiwa mbele ya kioo, mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kijiko mdomoni, na usimpeleke kwa mganga kutolewa shetani. Mpeleke kituo cha afya. Dawa za kifafa zipo. Na anayetumia dawa hizo asikose dozi, asikeshe, na asitazame kioo kwa karibu katika chumba chenye giza.

Programu bandia na pesa za boti

Nimeahidi kulieleza. Tayari mitandaoni kuna mafaili yanayojiita GTA 6 ya simu. Mzazi, na wewe kijana unayesoma gazeti la baba: gemu hii haijatangazwa kwa simu. Chochote chenye jina hilo kinachokutaka ukipakue kwenye simu ni cha bandia. Kinaweza kuiba namba za siri, na kwa simu ambayo ndiyo benki ya familia, maana yake ni M-Pesa ya mama kukombwa. Mtoto aliye mjini na aliyetumiwa nauli ya kurudi delta anaweza kuipoteza yote kwa bonyezo moja, kisha akaogopa kusema. Msimamo wangu ni kwamba namba ya siri ya mzazi isijulikane na mtoto, na mtoto aambiwe mapema kwamba akitapeliwa hatapigwa, ili aseme haraka.

Vilevile uliza kama kibandani kuna kubeti, mshindwa anamlipa mshindi. Mia mbili mia mbili hizo ndizo mwanzo wa tabia ambayo baadaye hula mshahara.

Nani wa kumwendea

Ukiona dalili nilizozitaja, anza na kituo cha afya cha karibu. Eleza wazi kwamba ni tatizo la mawazo au usingizi, usifiche nyuma ya "kichwa kinauma". Kwa Mkoa wa Pwani unaweza kupewa rufaa hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi, Kibaha. Kwa ushauri kuhusu mtoto ipo namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Kwa walioko delta, ambako safari ya kwenda hospitali inangoja maji kujaa, namba hiyo ni ya kuandikwa ukutani.

Na yule mama? Kabla basi langu halijafika nilimwambia hivi: mwanao anayehesabu siku, anayefika shule, anayekula na anayelala usiku, kichwa chake kiko sawa. Cha kuuliza ni ndoto zake, na hilo utamuuliza taratibu. Leo jioni, badala ya kuanza na mtihani, mwombe akuonyeshe hiyo trela.

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa ale kaa na gamba lake. "Mimi niangalie gemu?"

Nikamwambia kuna boti, na kuna mamba.

"Mamba kweli? Wa majini?" Akainuka, akajitwisha ndoo yake. "Basi ngoja nikaone kama huyo mtengenezaji anawajua mamba."